Barafu ya Mama Maji Moto

Wodini walimwita Mama Maji Moto, na jina alilipenda. Miaka yote aliyouguza wagonjwa wa saratani, dawa ya dripu ilipotoka nje ya mshipa na mkono kuvimba, alichovya kitambaa kwenye maji moto, akakikamua, akakanda palipovimba. Aliwafundisha manesi wote hivyo, na aliyekamua vibaya alikiona. Aliyemfuata nyuma nyuma kuliko wote alikuwa nesi mmoja mwembamba wa maswali yasiyokwisha, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Kifaranga.

Ulipotangazwa ufadhili wa kwenda kusomea uuguzi wa saratani, Mama Maji Moto ndiye aliyehangaika. Alimganda mganga mkuu kama kupe, mpaka kwenye maegesho ya magari. Nafasi ilikuwa moja, na wenye wajomba wakubwa walikuwa wengi, lakini Kifaranga akaipata. Siku ya kuondoka aliambiwa asirudi na maringo, arudi na akili.

Alirudi na akili, na akili hiyo ikamnyima usingizi. Darasani walikuwa wameonyeshwa picha za mikono iliyooza. Wakaelezwa kwamba zipo dawa zinazotaka joto zikivuja, lakini ile nyekundu, waliyoizoea wodini kwao, hutaka baridi. Ukiikanda kwa moto inasambaa na kuzidi kula nyama. Hapo hapo Kifaranga alimkumbuka mshonaji mmoja aliyetibiwa wodini kwao. Mama wa watu alivujiwa na dawa nyekundu, akakandwa na Mama Maji Moto kwa upendo wote, na sasa vidole vyake vitatu vimejikunja, havinyooki. Cherehani amemwachia binti yake. Wodini walisema ni ukali wa dawa, yakaisha.

Angemwambiaje mwalimu wake? Alimkuta ameshastaafu, tena amelazwa kitanda cha dirishani, yeye mwenyewe sasa mgonjwa, titi moja limeshaondolewa. Kifaranga akaogopa. Aliweka barafu kwenye jokofu la chumba cha dawa, akawafundisha wenzake pembeni kwa sauti ya chini, akawasihi yule mama asijue kitu. Mtu anaumwa, aachwe na heshima yake. Mimi simlaumu.

Asubuhi moja dawa nyekundu ilikuwa ikimwingia Mama Maji Moto mkono wa kulia, akakunja uso.

"Kifaranga, imetoka nje. Lete maji moto."

Kifaranga alifunga dripu, akavuta kwa bomba la sindano kilichoweza kuvutika, akachomoa. Kisha akasimama tu. Mgonjwa akamhimiza: mtoto gani huyu, mkono unawaka yeye ameganda. Birika lilikuwa mezani, limeshachemka. Angelichukua, mama angebaki na heshima yake na kupoteza mkono. Akalipita, akaenda kwenye jokofu, akarudi na barafu ndani ya taulo.

"Barafu?"

"Barafu, mama. Hii nyekundu haitaki moto."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Sisi ndio tuliokuwa hatujui."

Mama Maji Moto hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Aliutazama mkono wake, akauliza, "Na mshonaji?"

Kifaranga alilikaza taulo.

"Nijibu. Sikukupeleka shule ukajifunze kunyamaza."

"Ndiyo, mama. Na yeye pia."

Hakulia. Alianza kuwaulizia wengine aliowakanda, yule dereva, yule mwalimu wa chekechea, yule binti aliyekuwa akisuka watu nywele, na kila alipouliza Kifaranga aliitikia kwa kichwa. Alipochoka aligeukia ukutani.

Mkono ulipona. Uvimbe ulikwisha, vidole vikanyooka vyote. Manesi walipompongeza aliwatazama tu, na Kifaranga aliyekuwa akimbadilishia shuka aliona jinsi asivyotaka kuuangalia mkono huo.

Kisha mshonaji akaja kumjulia hali. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumshukuru, kama alivyofanya kila mara, kwa kumkanda siku ile. Nesi mwingine, alisema, angemwacha tu. Mama Maji Moto alifungua mdomo, akamtazama Kifaranga, akaufunga. Wakati wa kuagana mshonaji alinyoosha ule mkono wake wenye vidole vilivyojikunja. Mama Maji Moto akauingiza wa kwake wa kulia chini ya shuka, akampa wa kushoto. Mshonaji alidhani wa kulia bado unamuuma, akampa pole.