Gego la Mama na Kofia Yangu

Jino langu lilivunjwa na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama kandambili. Mama alileta kifurushi kutoka kijijini kwake Kwihara, na mimi kwa ulafi wangu nikavivamia bila hata kuvilowanisha. Kraa! Nusu ya gego ikabaki mkononi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Yeye huvitafuna upande wa kulia, kwa gego moja lililobaki, na huvimaliza. "Siku nikishindwa matobolwa," husema, "mnitafutie sanda."

Daktari wa meno alitibu mzizi, akanipangia siku ya kulichonga jino na kulipima ili livishwe kofia, lile gamba gumu la kufunika jino lililovunjika. Kumbe na gego la mama lilikuwa limeanza kumuuma.

"Na hili langu je?" akaniuliza.

Mungu anisamehe, nilijibu kwa uvivu tu: "Mama, kofia si za wazee. Lako ni la kung'oa." Sikumuuliza mtu. Niliwaza safari za kumfuata Kwihara na kumrudisha, na kukaa naye kwenye benchi, nikaona likishang'olewa yamekwisha.

"Haya," akasema mama. "Wewe ndiye uliyesoma."

Siku ilipofika tulitoka pamoja nyumbani kwangu Chemchem, yeye kavaa kitenge chake cha kanisani. Lianze langu, kisha lake ling'olewe. Daktari, kijana mpole, alimwamkia, kisha akanishikia mdomoni vijino vya mfano ili tuchague rangi ya kofia. Mama akasogea, akainama.

"Hicho cheupe mno. Watu watasema ameazima. Mpe hicho cha rangi ya mahindi."

Tukachukua cha mahindi. Nikachomwa sindano, mdomo ukafa ganzi, jino likachongwa. Halafu daktari akanishindilia udongo laini wa kupimia, akaniambia nisiongee wala nisifungue mdomo mpaka ugande. Wakati tunasubiri, akachukua tochi na kulichungulia gego la mama. Akaligonga polepole.

"Mama, nani kasema hili ling'olewe? Mzizi wake mzima kabisa. Linavishwa kofia kama la mwanao."

Mama akatikisa kichwa. "Hapana, baba. Mwanangu alishaniambia kofia si za wazee. Huyu hawezi kunidanganya."

Daktari akanitazama. Lo, aibu gani ile! Mdomo umejaa udongo, mate yananitiririka kidevuni, na machozi nayo yakaanza. Mama akaja mbio na ncha ya kitenge, akanifuta kama mtoto mchanga.

"Pole, mwanangu. Sindano inauma, eeh? Vumilia. Tukifika nitatupikia uji, tunywe pamoja."

Udongo ulipotolewa tu, nikasema na mdomo wangu uliokufa nusu: "Daktari, usiling'oe. Nilimdanganya. Niliona taabu kumleta mara kwa mara."

Mama alishika shavu lake la kulia. Kisha akamgeukia daktari.

"Litibu basi, baba."

Jioni uji aliupika kweli, mwepesi, wenye karanga za kutwanga, kama ninavyoupenda. Akaniwekea bakuli mezani, akalifunika vizuri. Lake akaenda kulinywea uani, peke yake.