Siku petit yangu aliikala ku kiti ya baba

Tension, damu ya kupanda, ilinipiga asubui, niko napiga randa. Mukono na muguu ya kushoto vikakatala kazi, kinywa ikapinda. Sura yangu ilikuwa mubaya tangu zamani, basi haikuharibu mingi.

Ku opitali petit yangu, mudogo wangu, mutoto wa mama yangu kabisa, alisimama mbele ya kitanda, akaambia bibi yangu, mama ya binti yangu, na sauti mukubwa, kama vile miye siko:

— Huyu alishakwisha. Dot, mali ya ndoa ya binti yake, nitapokea miye, kwangu, mu salon ya muzuri.

Nilitaka kumutukana, mate tu njo ilitoka. Lakini ndani nikasema: petit, utaniona.

Hakurudi tena opitali. Benye balikuya kila siku ni rafiki wawili wa atelier, tunatengenezaka nabo vitanda na masanduku ya maiti.

— Muzee, usikufe sasa, mbao imepanda bei.

— Na vile uko murefu! Utatumalizia mbao yote.

Bibi yangu alipika sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, akakula ile ile, na bale wawili pia, banakunja sura kama batoto benye kumeza kinini. Peke yangu ningeitupa ku mulango. Peke yangu ningegeukia ukuta, ningoje Mungu. Nilipotoka opitali, balinishika huku na huku, muguu ijifunze tena, tukapanda mulima ya Kadutu polepole. Nikianguka, banacheka kwanza, njo bananiinua. Nikichoka, bibi ananiambia mu sikio: "Petit yako alishaita bageni." Muguu inaamuka!

Muganga akapima tension, imeshuka. Akaniuliza nakunywa dawa gani.

— Ile yenu, na hawa batu, na kisirani kidogo.

Siku ya dot, petit yangu aliikala ku kiti ya baba ya binti, bakwe bamejaa salon, banamusifu. Nikaingia na miguu yangu mwenyewe, ya kupindapinda. Binti yangu akaanza kulia.

— Grand, petit akasema, nilikuwa nakulindia tu kiti.

— Asante. Sasa simama.

Akasimama. Nikaikala polepole, nikanyoosha ile muguu alishazika.

— Petit, bakwe banasikia kiu na uko unaangalia tu? Letea bo sukre.

Akazunguka na plateau ya soda mu mikono, vesti ya mupya inamubana, mukwe mumoja mumoja. Nilikuwa wa mwisho. Nikaonja, nikamurudishia.

— Iko moto. Tafuta ya baridi.