Shujaa Anayeogopa Kurudi Nyumbani

"Umufute leo! Hapana kesho, leo!"

Saa tatu asubuhi, Jumanne, mtaani Mulekera, mjini Beni. Solange, ambaye jirani zake wote humwita Mama Joyeuse kwa jina la bintiye, amesimama mlangoni mwa kibanda cha kuchapia barua. Mkono mmoja uko kiunoni, mwingine umekamata simu kama mtu aliyemshika mwizi ukosi.

Ndani, nyuma ya kompyuta ambayo herufi zake zimefutika kwa kuguswa, Katungu anaendelea kuchapa.

"Nimufute nani, Mama Joyeuse?"

"Kakule! Mwana yangu! Umemuweka ku simu, batu mia sita banamucheka!"

"Ule wangu anainua lori na mukono moja. Wako anainua?"

Wateja waliopanga foleni wanaangua kicheko. Tamar, muuza mandazi wa kando ya kibanda, naye anaingiza kichwa dirishani. Ugomvi wa aina hii haumpiti.

"Mama Joyeuse, usituchokoze. Ule Kakule ni wangu. Anaogopa mbwa, anasinzia ku misa, amerudia darasa mara mbili. Kama hapana wangu, ni wa nani?"

Ilunga, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Beni kutoka Kasai, anasubiri barua yake. Anashindwa kujizuia, Kifaransa kikimtangulia.

"Mais, kwani hapa kila mama iko na Kakule?"

"Kila mama mwenye vijana bane, monsieur Ilunga," Tamar anamjibu. "Wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Hatuchaguake."

Hapo ndipo lilipo kosa la Katungu, kama ni kosa. Amempa shujaa wake jina ambalo nusu ya nyumba za mtaa huu zinalo.

Katungu ana miaka thelathini na sita. Kutwa anawachapia watu barua za kuomba kazi, maombi ya viwanja na mialiko ya harusi. Kati ya mteja na mteja anamwandika Kakule, kijana wa miaka kumi na tisa aliyepigwa na radi akianua kakao ya baba yake mvua ilipoanza, akaamka na nguvu za ajabu. Vazi lake la kishujaa ni koti la mvua la mwendesha pikipiki, tena limepasuka kwapani.

Mambo yalianzia Butembo, alikokulia. Karibu na shule yao palikuwa na ukumbi wa video. Mashujaa wa ng'ambo walipigana huku mtu mmoja akitafsiri kwa sauti iliyoishinda milipuko yenyewe. Katungu alimpenda shujaa mmoja kijana, mwenye kinyago. Alimpenda, lakini kijana huyo alimkera.

"Alikuwa anashinda siku yote, na nguo yake haichafuke," anasema. "Miye nilikuwa najiuliza: huyu, mama yake akimutuma maji, anaenda?"

Basi akamtuma maji yeye mwenyewe, kwenye daftari la jiografia. Akamleta yule kijana wa kinyago Butembo, akamnyeshea mvua, akamfelisha kemia, akamfanya amdanganye mama yake na kushikwa siku hiyo hiyo. Wenzake darasani walipokezana daftari mpaka likabaki bila jalada. Mmoja wao ndiye aliyemwambia: "Huyu hapana wao tena. Umupatie jina ya kwetu."

Akachagua Kakule. Kwao wavulana waliishia watatu, kwa hiyo jina hilo halikuwa na mwenyewe nyumbani. Alidhani hatamgusa mtu.

Siku hizi kila Jumanne na Ijumaa anatuma sehemu mpya kwenye kikundi cha WhatsApp chenye watu mia sita na ushee. Asiye na simu hununua karatasi kwa faranga mia tano. Fedha hiyo inaishia kwenye wino na sabuni. Karo ya binti yake inalipwa na barua za watu. Lakini mtaani haitwi tena mchapaji. Vijana humwita yaya, yaani dada mkubwa; wakubwa humwita mama wa Kakule, na akina mama wenye Kakule wa kweli hawalipendi hilo hata kidogo.

Sehemu ya arobaini na moja, ile iliyomwamsha Mama Joyeuse, inaanza kwa shangwe. Lori limezama matopeni kwenye barabara ya Kanyabayonga, Kakule analiinua, watu wanapiga makofi. Kisha shujaa anakumbuka kwamba pikipiki aliyokuja nayo ni ya baba yake, ameichukua bila ruhusa, na ameitumbukiza mtaroni. Anakimbilia Lubero. Anajificha kwa watu, anachambua maharagwe, simu ikiita haigusi. "Mkono ulioinua lori," Katungu ameandika, "umeshindwa kushika simu."

Mtaa mzima unajua kisa kama hicho. Wiki tano zilizopita Éphraïm, mtoto wa nne wa kiume wa Mama Joyeuse, yaani Kakule wake, mwenye miaka ishirini, alichukua pikipiki ya baba yake Syauswa na kuiangusha mtaroni. Yeye alitoka na michubuko, pikipiki ikatoka imepinda mbele. Badala ya kumkabili Syauswa, alipanda gari la Butembo. Hajarudi, wala hapokei simu.

"Papa yake akisoma hii, mwana hatarudi tena," Mama Joyeuse anasema, na sasa sauti imeshuka. Kumbe hilo ndilo lililomleta.

Katungu anaacha kuchapa.

"Mama Joyeuse, ile kosa ilikuwa yangu kabla ya kuwa ya mwana yako. Nilivunja machini ya kushona ya papa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikimbilia kwa shangazi Lubero, siku kumi na moja. Njo mimi nilichambua ile maharagwe."

"Na papa yako?"

"Aliniuliza kama nimekula."

Kisha anafungua simu yake na kumwonyesha jirani ujumbe ulioingia alfajiri, si kikundini, bali kwake peke yake. Mama Joyeuse anausoma kwa sauti ndogo, neno kwa neno: "Yaya Katungu, sehemu ya arobaini na mbili, papa yake atafanya nini? Uniambie kabla ya bengine. Éphraïm, Butembo."

Mama Joyeuse anakaa kwenye benchi. Ilunga anamsogezea nafasi.

"Andika papa yake amemusamehe," anasema hatimaye. "Andika sasa hivi."

"Siwezi kuandika kitu Papa Joyeuse hajafanya. Mwana atakuja, atakuta mulango imefungwa, na njo mimi nitakuwa nimemudanganya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sehemu ya Ijumaa ingoje. Uongee na mwenye pikipiki."

Mama Joyeuse anaondoka bila kuaga. Tamar anabaki dirishani, amesahau mandazi yake kwenye mafuta mpaka harufu inamkumbusha.

Alhamisi mchana Syauswa mwenyewe anaingia kibandani. Anataka kopi ya kadi ya mpiga kura. Ni kopi ya tatu mwezi huu, na Katungu anajua sababu, maana karatasi za Kakule huwa juu ya mashine ya kopi, na kila Syauswa akitoka moja huwa imepungua. Nyumbani husema ni za Joyeuse.

Anapokea kopi yake, anaikunja mara nne. Haondoki.

"Ule kijana wako," anasema akiitazama barabara. "Anaogopa nini? Pikipiki ni chuma."

"Anaogopa papa yake."

"Papa yake alienda ku mutaro ule usiku na tochi. Hapana kutafuta pikipiki. Alikuwa anatafuta kama kuko damu." Anakohoa. "Chuma nilishanyoosha. Andika hivyo. Na uandike pia anapashwa kuosha ile pikipiki mwezi muzima."

Anaweka faranga mia tano mezani, anachukua karatasi moja waziwazi, anatoka.

Katungu anaandika mchana huo huo. Barua mbili za kuomba kazi zinasubiri, na wenyewe hawalalamiki, kwa kuwa wanasoma begani kwake. Ijumaa asubuhi, saa moja kabla ya watu mia sita, sehemu ya arobaini na mbili inakwenda Butembo peke yake. Hakuna jibu. Alama mbili tu za kuonyesha kwamba imesomwa.

"Iko vile," Katungu anasema, akipanga karatasi. "Shujaa anayeshinda kila mutu, nani atamungojea?" Mpango wake ni kuziunganisha sehemu zote ziwe kitabu kimoja chenye jalada gumu, kikae kwenye rafu ya kibanda hiki. "Nataka kijana aingie kuomba barua ya kazi, atoke na Kakule kwapani. Ajue mutu mwenye nguvu pia anaogopaka."

Jumamosi, saa sita na nusu mchana. Kijana mwembamba, mkoba begani, anashuka pikipiki ya abiria mbele ya kibanda. Nyumba yao iko ng'ambo ya barabara, hatua thelathini. Haendi huko.

"Yaya Katungu, naomba kuchaji simu."

"Lete."

Simu inaonyesha asilimia tisini na moja. Katungu anaiunganisha na umeme. Tamar dirishani ana maneno mengi, na kwa mara ya kwanza mtaani Mulekera anayameza.

Ng'ambo, Syauswa anatoka uani na ndoo tupu, anaitazama barabara. Anaona mkoba. Anaona mgongo.

"Kakule!" anaita.

Vijana watatu wanageuka. Mmoja ni wa Tamar, mwingine anasukuma baiskeli ya ndizi, wa tatu anaosha miguu mferejini. Éphraïm peke yake hageuki. Anautazama waya wa chaji.

"Hapana nyinyi!" Syauswa anapaza sauti, na mtaa mzima unacheka, hata Mama Joyeuse aliyekwisha kufika mlangoni akijipangusa unga wa ugali mikononi kwa kitenge. "Ule wa pikipiki!"

Éphraïm anageuka polepole. Baba yake ameiweka ndoo chini, kando ya pikipiki iliyonyooshwa.

"Maji ya kuosha itangoja," Syauswa anasema. "Mama yako ametoa bundu na mboga ya sombe, inapoa. Ingia ukule."