Rulo Nne za Tembo

Sisi tuliokuwa watoto Kisangani wakati pesa bado inaitwa zaire tulikuwa na kazi ambayo watoto wa leo hawaijui: kusugua. Siku za juma tulikula mandazi ya moto mbele ya shule, mafuta yakichora duara kwenye daftari, na jioni wasichana wa mtaa wetu wa Mangobo tulicheza nzango, makofi na mateke ya hewani, mpaka soksi nyeupe zikawa rangi ya barabara. Lakini Jumamosi ilikuwa ya sufuria. Tulitumia mchanga wa mto Tshopo, majivu na ndimu. Mama aliinua kila sufuria juani, na kama hakuuona uso wake ndani yake, tulianza upya. Leo binti zangu wana sabuni ya maji yenye harufu ya maua, na sufuria zao zina masizi ya tangu Krismasi.

Naanza na kusugua kwa sababu ndiko kulikotukosesha paa jipya.

Mwaka mmoja upepo ulibeba paa la nyumba yetu. Tulikuwa watu sita, wazazi na watoto wanne, chini ya turubai la kuazima, na mwenyewe alilitaka Jumatatu. Nyumba nzima ilihitaji mabati ishirini na nane. Papa, baba yetu, karani wa ghala moja bandarini, hakuwa na pesa hata ya mabati mawili. Alichokuwa nacho ni rulo nne, yaani mafungu ya sarafu yaliyoviringishwa kwenye karatasi, urithi wa baba yake. Babu alilipwa nazo mshahara wake wa mwisho, na pesa ikabadilishwa kabla hajazitumia. Zilikuwa faranga za wakati wa Wabelgiji, zenye picha ya tembo, zimefungwa na keshia kwa karatasi nene ya kahawia, ncha mbili zimekunjwa, mhuri wa zambarau ubavuni.

Papa alipeleka rulo moja kwa Tonton Saidi, mjomba kwa heshima tu, mfanyabiashara kutoka Kasongo aliyenunua vitu vya zamani na kuviuza kwa watu wa mbali wanaovikusanya. Tonton aliitazama akasema kwamba kama zote ziko hivyo, atatoa bei ya mabati saba kwa kila rulo. Papa alirudi nayo na kuandika ukutani kwa kipande cha makaa: nne mara saba, ishirini na nane. Nyumba nzima, bila bati kupungua wala kubaki. Nilikuwa na miaka kumi, na hesabu ile niliipenda kama mchezo.

Jumamosi asubuhi, akitoka kwenda kazini, Papa alimwambia Mama mlangoni:

«Mutengeneze zile makuta muzuri. Tonton anakuja saa munane.»

Kwetu makuta ni pesa yoyote. Na kutengeneza ni neno pana. Papa alimaanisha zipangwe mezani juu ya kitambaa. Mama, ambaye hakuwahi kumwonyesha mgeni kitu kichafu, alisikia jambo moja tu: kusugua.

Yaya Vero, dada yangu mkubwa, alichana karatasi ya rulo ya kwanza. Ilinuka mende. Tembo walikuwa wa kahawia, wasiopendeza. Tukakaa uani na beseni, mchanga, majivu na ndimu. Tembo wa kwanza alipogeuka manjano kama pete ya bibi arusi, Mama alipiga kofi la furaha, nasi tukaongeza bidii. Karatasi zilikwenda kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, kuwashia moto. Tulimaliza rulo tatu, vidole vikiwaka kwa ndimu. Ya nne ilibaki kwa sababu ndimu ziliisha. Yaya alitaka tuendelee na majivu matupu, lakini Mama akasema mgeni amekaribia.

Papa na Tonton waliingia pamoja. Juu ya turubai wingu lilikuwa limekaa, jeusi, halina haraka. Mama alimpa Tonton chai, kisha akafunua sinia.

Tonton alitoa lensi yake mfukoni. Hakuiweka jichoni.

«Mama, nani alisafisha hii makuta?»

«Ni sisi wenyewe, Tonton. Toka asubuhi.»

«Na karatasi yake iko wapi?»

Mama alicheka kidogo. «Ile ya mende? Ndiyo imechemsha hiyo chai yako.»

Tonton alikishusha kikombe mezani polepole, kama mtu aliyeambiwa amekunywa dawa ya mwingine. Nilimtazama Papa. Papa aliutazama ukuta.

«Bon. Papa Vero, unisikilize,» Tonton alisema. «Mimi nilikuja kununua uchafu. Mutu wa kule anapenda uchafu wa zamani, alors ninamupelekea uchafu wake. Hii sasa iko shaba tu. Mutu wa kuyeyusha masufuria atakupimia kwa kilo.»

Turubai lilijaa upepo, likashuka. Kisha Tonton akauliza kama kuna nyingine, na Mama akaleta rulo ya nne kutoka chini ya beseni.

Tonton aliitazama ncha ya kwanza. Akaitazama ncha ya pili. Akaipima kwenye kiganja, akapitisha kidole juu ya mhuri, akainusa.

«Inanuka ndimu.»

Yaya Vero aliushika mkono wangu kwa nguvu hadi ukauma. Ni yeye aliyekuwa ameanza kuikwaruza kwa ukucha, pembeni kabisa. Tonton alilifikia lile jeraha la karatasi, akaweka lensi jichoni, akakaa hivyo muda mrefu. Radi ilipita upande wa maporomoko ya mto.

«Haikufunguka,» alisema hatimaye. «Hii ninakamata. Mabati saba, vile tulisema.»

Nilijifunza baadaye, peke yangu, kwa katalogi kuukuu ya sarafu na kamusi ya Kifaransa, kwamba Tonton hakutudanganya. Rulo haithaminiwi kwa idadi ya sarafu pekee. Inathaminiwa kwa kuwa hakuna mkono ulioigusa tangu keshia aifunge: karatasi, mhuri, ncha mbili, na ile rangi iliyofifia ambayo sarafu hujivika yenyewe na ikisuguliwa hairudi. Na hata rulo iliyofungwa, kama sarafu zake zilitengenezwa nyingi mno, inaweza kuwa na bei ndogo. Mpwa wangu Glody ana video kwenye simu inayosema rulo moja hununua gari. Nikimuuliza ni sarafu ya mwaka gani, anajibu, «Ah, maman, wewe unapenda kuchelewesha mambo.»

Tonton alipolipa na kutoka, tulingoja hasira ya Papa. Mama alisema kwa sauti ndogo, «Ulisema tutengeneze.»

«Nilisema,» Papa akajibu.

Alichukua sarafu moja kwenye sinia, akaigeuza huku na huku, tembo aking'aa. «Na mumetengeneza kweli. Kosa iko ya mudomo yangu.» Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akafuta hesabu ukutani, akatoka kwenda kununua mabati kabla duka halijafungwa.

Mabati saba yanafunika chumba kimoja. Papa alichagua chetu cha watoto. Jumatatu turubai lilirudi kwa mwenyewe, na kwa msimu mzima watu sita tulilala kwenye chumba kile, miguu ya mmoja kwenye mbavu za mwingine, Mama akitukemea kwa kucheka, Papa akihesabu kwa sauti sekunde kati ya mwanga wa radi na kishindo chake ili tusiogope.

Nyumba yangu ya leo ina vyumba vinne, vyote vina bati, hakuna kinachovuja. Mvua ikianza, kila mtoto yuko chumbani kwake na simu yake. Mimi hukaa kwangu, nahesabu sekunde kwa sauti, na hakuna anayekuja.