Nukta ya Nicanor

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. La, nimekosea, ilikuwa tisini na nne, maana Bridget, kifungua mimba wa Nicanor Oluoch, alikuwa ameshaingia darasa la nane, na tanuri la kiwanda lilikuwa limezimwa. Tisini na tatu lilikuwa bado linawaka.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Thika, cha kutengeneza visu, na Nicanor alikwenda huko kwa miguu kila asubuhi kutoka Kamenu. Visu vilitoka tanurini kwa trei, vikazamishwa kwenye mafuta, vikapoa, vikaletwa mezani kwake. Alichagua kimoja tu katika kila trei. Alikibana kwenye vaisi, akakipinda mpaka kilalamike, akakiachilia. Kikirudi kunyooka, alikatia kamba ya katani mara hamsini. Kikipita hapo, trei nzima imepita, na kila kisu kilipigwa nukta moja ndogo karibu na mpini. Alikuwa akisema visu vya tanuri moja ni ndugu. Ukimjua mmoja umewajua wote. Na hakukosea miaka kumi na saba, kwa kuwa tanuri alilijua, mafuta aliyajua, na aliyepanga trei alikuwa jirani yake.

Watu waliviita visu vya nukta. Kule machinjioni Ruiru, Ibra hakushika kingine. Ibra ndiye aliyechinjia mji, ili nyama iliwe na Mwislamu na Mkristo pamoja, na mchinjaji hataki kisu cha kumrudiarudia mnyama shingoni. "Mimi nina Bismillahi," alizoea kumwambia Nicanor, "na wewe una nukta. Kimoja kikikosekana, mji unakula maharagwe."

Sasa tanuri lilipozimwa, siku moja meneja, Bwana Kaleli, akaweka kisu mezani.

"Mzee, hiki kimetoka ng'ambo. Ni sampo ya kontena nzima inayokuja. Kiangalie, lakini usikionee."

Nicanor alitaka kukionea, si siri. Alikipinda, kikarudi. Akakata kamba mara hamsini, akaongeza hamsini nyingine. Akapitisha makali juu ya ukucha. Kilikuwa kizuri kuliko vyao. Mtu mkweli atafanyaje? Akakipiga nukta.

"Kwa hivyo kontena ikija imepita?" Kaleli akauliza.

"Imepita," Nicanor akasema, kama alivyosema juu ya trei miaka yote. Akamwachia karani wa stoo chuma chake cha kupigia nukta, avipige visu vya kontena vikifika. Tanuri la huko hakulijua, wala mafuta, wala mtu. Hilo halikumjia kichwani siku ile.

Miezi mitatu baadaye, Jumapili, Ibra akabisha hodi Kamenu na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Awiti, mkewe Nicanor, akamwekea chai. Hakuigusa.

"Omera, ndugu yangu, nani amekufa hapa?" akauliza.

"Hakuna."

"Nilidhani ni wewe umekufa, mwingine anapiga nukta yako."

Akafungua gazeti. Kilikuwa kisu cha nukta, makali yamejikunja kama ukingo wa sufuria kuukuu. Fahali alikuwa keshalazwa, Bismillahi imesemwa, kisu kikakwama katikati ya koo, na Ibra akalazimika kunyakua kingine. Nyama ile alikataa iende buchani.

"Wenye fahali walinitukana, hiyo ni sawa," alisema. "Lakini yule mnyama, Nicanor. Aliniangalia."

Jumatatu Nicanor akafungua maboksi stoo. Kisu cha kwanza kilipindika kikabaki vivyo hivyo. Cha pili kikavunjika. Cha tatu kilikuwa kisu hasa, kama ile sampo. Ndugu gani hawa? Akaenda kwa Kaleli.

"Nipe nafasi nipime kimoja kimoja."

"Visu elfu nne, mzee? Utamaliza Bridget akiwa na wajukuu. Na kontena ingine iko baharini." Kaleli hakuwa mtu mbaya, alisema kwa upole. "Halafu hiyo nukta ndiyo inauza."

"Nukta ni neno langu."

"Nukta ni ya kampuni. Neno lako kaa nalo."

Basi akakaa nalo. Akarudi mezani, akachukua tupa, akawa anapima na kufuta nukta kwenye kila kisu kilichoshindwa. Siku mbili hakuna aliyemsemesha. Siku ya tatu akahamishwa langoni, awe akifungulia malori.

Jumamosi alishuka Ruiru na tupa yake mfukoni. Ibra alikuwa nje ya machinjio ananoa kisu cha zamani, kimeliwa na kinoo mpaka kimekuwa chembamba kama jani la muwa. Nicanor akaomba kile kibovu, akakaa kwenye jiwe, akaisugua nukta taratibu mpaka ikaisha, akakirudisha.

"Mpelekee mama watoto. Sukuma wiki kitakata."

Ibra akacheka kidogo, akaendelea kunoa. Lakini Nicanor hakuinuka. Kuna jambo alikuwa amemuuliza Kaleli, akamuuliza karani, akamuuliza hata dereva aliyeleta kontena ya pili, na kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake.

"Aliyetengeneza ile sampo ni fundi," akasema. "Mkono wake niliuona. Sasa huyo mtu, Ibra, huko aliko, alijua kwamba kisu chake kimoja kizuri ndicho kitakachofungulia mlango vile vingine?"