Kinyama cha Zuhura

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa mikono ya kuwahudumia wanawake na afya ya kuifanya kazi hiyo hadi nikastaafu.

Siku yangu ya kwanza kliniki, hapa Garsen, msimamizi wetu tuliyemwita Metroni alinikabidhi chupa ya siki. "Hii si ya kachumbari, sista," akasema. Akanionyesha kuipaka kwenye mlango wa kizazi na kungoja kidogo. Penye afya hubaki rangi yake. Penye mabadiliko huwa peupe. "Lakini doa jeupe ni swali tu. Jibu liko kwenye kinyama." Kinyama ni kipande mfano wa punje ya mchele, kinachokatwa penye doa na kupelekwa maabara Mombasa kutazamwa kwa hadubini.

Nilihamishiwa Ngao, baadaye nikarudishwa Garsen. Ndipo akaja Zuhura kutoka Ndera. Doa lake lilikuwa pana. Nilimweleza kwamba madoa mengi si saratani, ila mengine yakiachwa miaka hugeuka kuwa saratani, hivyo lazima tukate kinyama kipelekwe Mombasa. Akaomba mama mkwe wake, Bi Maryamu, aingie asikie.

"Makondo ya wajukuu wangu wote tumeyazika nyumbani," Bi Maryamu akasema. "Hiki mwakipeleka Mombasa kwa basi, kama pakacha la samaki! Kitarudi lini tukizike?"

Zuhura alikuwa ameshaanza kufunga leso yake aondoke. Nilijua akitoka, huenda nisimwone tena mpaka awe anavuja damu. Nikamfuata Metroni kumuuliza kama niwaambie kitarudi.

"Usithubutu," akanijibu. "Mwambie ukweli, kisha ukae naye."

Nikakaa. Nikawaambia hakirudi. Maabara hukigandisha ndani ya nta, hukata utando mwembamba wa kutazama, kinachobaki huwekwa kabatini kwa jina la mwenyewe, ili siku daktari akiwa na shaka kitazamwe tena.

Bi Maryamu alipitisha tasbihi vidoleni.

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake, mama."

"Basi hakikutupwa. Kimewekwa." Akamgeukia mkwewe. "Rudi kitandani, mwanangu. Nami nipo hapa."

Jibu lilipofika, nilianza na lile alilokuwa akilingojea: si saratani. Ni mabadiliko ya daraja la kati, yanayoweza kugeuka kuwa saratani, kwa hiyo tuyaondoe. Daktari alikata sehemu ile kwa kitanzi cha waya wenye umeme. Nayo ilikuwa lazima ikachunguzwe, nikajiandaa kubishana upya.

"Mkaiweke na mwenzake," akasema Bi Maryamu. "Asikae mpweke ugenini." Zuhura alicheka hadi daktari akamsihi atulie.

Uchunguzi uliofuata ulikuwa safi, na ule wa baada yake pia, alhamdulillahi.

Sasa nimestaafu. Ninyi wauguzi mnaoanza mna vipimo bora kuliko siki yangu, nami nafurahi. Lakini jibu lolote bado humfikia mtu mwenye nyumba yake na mila zake, na anahitaji mtu wa kukaa naye. Majuzi nilikutana na Bi Maryamu, macho yamefifia, Zuhura amemshika mkono. Alinitambua kwa sauti.

"Sista, yule wetu wa Mombasa hajambo?"

"Hajambo, mama. Yuko mahali pake."

"Msalimie."

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde wewe na wanawake wa nyumbani kwako, na siku mtakayongoja jibu, akupeni mtu wa kungoja pamoja nanyi. Amin.