Siku Mbili Kando ya Mto wa Kina Lan

Jirani yangu hapa Tanga huchoma maganda ya chenza kila jioni kufukuza mbu. Ni dawa nzuri, tena haina gharama, wala simlaumu. Lakini moshi ule ukivuka ukuta na kuingia uani kwangu, huacha nilichokuwa nakifanya nikaenda kufunga madirisha, hata kama joto ni la kuchuruzika jasho. Kwangu mimi ile ni harufu ya Lan. Mfuko wa koti lake haukukosa vipande vya ganda la chenza lililokaushwa mpaka likawa jeusi, na alikuwa akinipa kimoja kimoja ninyonye kama peremende, nami nikikunja uso kwa uchungu wake na kuomba kingine.

Nianze nyuma kidogo ili tusipoteane. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, nikabaki kwa bibi. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na mwishoni mwa miaka ya tisini alikuwa miongoni mwa Waswahili wachache waliokwisha kuizoea Guangzhou, kule Uchina. Alinunua nguo mtaani Zhanxi, kwenye maduka ya jumla karibu na stesheni ya treni, akapakia kontena, akatuma Dar es Salaam. Nilipotimiza miaka tisa alikuja kunichukua. Bibi alinifungia vitumbua vya safari, akaniambia, "Mtembezi hula miguu yake." Niliitazama miguu yangu kwa wasiwasi njia nzima ya kwenda uwanja wa ndege.

Lan alikuwa muuzaji katika duka alilonunua baba suruali za jinzi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili chake kilikuwa maneno manne, mawili kati yake "bei mwisho." Baba alipokuwa akihesabu mizigo, Lan alinikalisha juu ya marobota akanichana nywele. Alinitazama mara moja tu nikijisuka twende kilioni mbele ya kioo, na siku ya pili akaweza kunisuka yeye, mistari imenyooka kuliko ya bibi. Sikuwa na mama, naye alikuwa na mikono ya mama. Nilimpenda kwa urahisi huo huo.

Baada ya miezi kadhaa nilimwambia baba kwamba Lan ananenepa kwa sababu ya tambi. Baba alicheka mpaka akashika ukuta, kisha ghafla akaanza kuhesabu kwa vidole. Usiku ule alinieleza kwamba anataka kumuoa Lan, nikahi ya kweli, mbele ya mashahidi, na kama mimi nina neno niseme. Sikuwa na neno. Nilichouliza ni kama atahamia kwetu na kitana chake.

Karibu na sikukuu yao ya mwaka mpya, Lan alikwenda kwao kuwaambia wazazi. Alisema atarudi baada ya siku kumi na tano. Hakurudi. Baba alikwenda dukani kila siku kumuuliza laoban, yaani bosi, mama mmoja mnene aliyetembea na funguo shingoni. Yule mama hakuinua hata macho. "Meiyou," alisema. Hilo ndilo neno la kwanza la Kichina nililolijua, maana soko zima lilikuwa likitujibu hivyo: hakuna.

Mwezi wa nne baba alininunulia viatu vyekundu na gauni jeupe lenye kola. Akanisuka mwenyewe, kwa saa nzima, akihema kama anayebeba gunia, na mistari ikatoka imepinda kama njia za mbuzi. "Kesho tunakwenda kutembea shamba," akasema. Kisha akanifundisha salamu: "Popo, nei hou." Popo kwa watu wa kule ni bibi mzaa mama. Nilicheka mpaka nikapaliwa, kwa kuwa popo wa kwetu ananing'inia juu ya mpapai kichwa chini. Baba hakucheka. Alinifanya niirudie salamu ile mpaka akaridhika.

Tulipanda basi alfajiri mpaka likaishia, kaskazini ya mji, kwenye kituo cha vumbi kilichokuwa kimegeuka tope kwa mvua. Kutoka pale tukaanza kwenda kwa miguu. Baba hakulijua jina la kijiji. Alichokijua ni maneno ya Lan tu: kwao ni kando ya mto, unapanda bonde kwa miguu, kuna daraja la mawe lenye matundu matano, na nyumba yao ya matofali ya kijivu ina kuta zilizoinuka juu kama masikio ya kikaango. "Kuuliza si ujinga," alisema baba, akapandisha begi mgongoni.

Loo, bonde lile lilikuwa zuri. Nalisema kwa uchungu, lakini lilikuwa zuri. Mto ulikuwa wa kijani, ukizunguka vilima polepole, na ukungu umelala juu yake kama mtu asiyetaka kuamka. Kando yake mpunga ulikuwa umepandikizwa karibuni, miche midogo imesimama ndani ya maji. Palikuwa na mabwawa ya samaki, mianzi inayolia kriii kila upepo ukipita, na miti ya matunda kilima kizima, matunda yenyewe yakiwa bado madogo kama shanga. Kila tulipopinda tulikuta kijiji cha kale: vichochoro vya mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu waliokufa zamani, jumba la mizimu ya ukoo lenye milango mirefu, bata wakivuka kwa madaha. Na kila kijiji, jamani, kila kijiji kilikuwa na nyumba za kijivu zenye masikio ya kikaango.

Katika kila kijiji baba alitoa picha ya Lan akaionyesha. Watoto walitukimbilia, kisha wakatukimbia. Mzee mmoja alinipa kiazi cha moto. Wengi walitazama picha, wakamtazama baba, wakanitazama mimi, wakasema meiyou. Tulipita vijiji vitatu siku ile, tukalala katika chumba cha juu ya mgahawa wa chai, na asubuhi tukaendelea.

Siku ya pili viatu vyekundu vilinichuna visigino. Nilinuna, nikaketi njiani, nikakataa kuondoka. Mwishowe nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka hujikunyata: "Mama asingenitembeza hivi." Baba alilihamishia begi kifuani. Aliinama, nikapanda mgongoni, akanivusha kijito huku maji yakimfika magotini. Alikuwa akinong'ona, nami nilidhani ananiimbia. Alikuwa akiomba dua.

Baada ya adhuhuri tuliliona daraja. Nikayahesabu matundu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Baba alinishusha. Akapiga goti kwenye tope, akanifuta viatu kwa leso yake, akaninyoosha kola, akanipangusa uso kwa kiganja kilicholoa. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga nyati wa kufugwa akaitazama picha, akanyoosha kidole kuelekea nyumba ya mwisho.

Mlangoni alikaa mama mtu mzima akichambua mboga. Alikuwa na macho ya Lan. Baba akanisukuma taratibu mbele.

"Popo, nei hou," nikasema.

Mikono ya yule mama ikasimama. Aliinuka, akanijia, akanishika kidevu. Akaugeuza uso wangu upande huu, akaugeuza upande ule. Akanigusa nywele, akanigusa sikio, akaushika mkono wangu akakifunua kiganja. Hakuwa mkali. Machozi yalimjaa, nami nikadhani nimeitamka salamu vibaya.

Baba alisema kwa Kichina chake cha sokoni, akichanganya na mikono. Nilimsikia akitaja Lan. Nilimwona akikunja mikono kifuani na kuibembeza, kama mtu aliyepakata mtoto mchanga.

"Meiyou," akasema yule mama.

Baba akabembeza tena.

"Meiyou. Meiyou!"

Jirani mwenye jembe alikuwa amesimama njiani anatazama. Yule mama alipomwona akabadilika, akapaza sauti kama anayefukuza wachuuzi, akaingia ndani. Nilisikia gogo la mlango likishuka.

Nilikuwa nimebanwa na haja ndogo. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye majani marefu. Nilipoinua macho, dirishani ghorofani alikuwa Lan.

Alikuwa amefungwa kitambaa kichwani, uso umevimba, umepauka. Alinitazama kama anayetazama kitu kilicho mbali sana. Nilifungua mdomo kumwita, naye akaweka kidole midomoni. Kisha mtu akamvuta kutoka nyuma, dirisha likafungwa.

Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi za daraja. "Umemwona mtu huko nyuma?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

Niwaambie ukweli wote, maana nimeubeba vya kutosha. Nilisema hapana kwa sababu Lan alinikataza. Lakini pia nilikuwa na njaa na visigino vilikuwa vinatoka damu, na nilijua nikisema ndiyo hatutaondoka pale.

Baba alisali alasiri ukingoni mwa mto. Sijda yake ya mwisho ilikuwa ndefu mno, nikadhani amelala. Kisha tukageuka, tukalishuka bonde lote.

Alirudi kule peke yake mara nyingi msimu ule. Aliniambia anakwenda bandarini, lakini alirudi na tope la bondeni kwenye viatu. Safari ya mwisho alikuta nyumba ina kufuli. Mwaka uliofuata tulirejea Tanga moja kwa moja. Hakuoa tena.

Alinieleza yote akiwa mgonjwa kitandani, mimi nikiwa mtu mzima mwenye binti yangu. Alisema mtoto wake na Lan alizaliwa. Yule laoban alikuja kumwambia baadaye kwamba wazazi wa Lan walimtoa kwa watu wa jimbo la mbali, wiki mbili baada ya safari yetu. Baba hakuwahi kujua kama alikuwa wa kiume au wa kike.

"Na mimi ulinipelekea nini, baba?" nikamuuliza. "Mtoto mdogo, njia yote ile?"

"Nilitaka wakuone," akasema. "Nilidhani wakikuona wewe, hawatamwogopa yule mchanga."

Wiki mbili baada ya safari yetu. Maneno hayo yaliingia polepole, kama maji yanavyoingia ukutani. Basi siku ile mtoto alikuwa bado mle ndani, nyuma ya dirisha lile. Na ndipo nilipokitazama upya kile kidole cha Lan. Miaka yote niliamini alikuwa akisema usimwambie baba yako. Huenda alikuwa akisema usipige kelele, jirani asisikie. Nenda kamwite, kimya kimya. Alijua kwamba mimi na baba hatufichani kitu. Huenda aliketi mle akisubiri hatua za baba kwenye majani.

Baba alikuwa akinitazama. Alikuwa bado ana akili zake timamu na siku nne za kuishi, ingawa hizo hatukuzijua. Nilikuwa na nafasi. Nilimwinua kichwa, nikamnywesha maji, nikamtengenezea mto.

Sikumwambia. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa. Mara ya pili nilikuwa na thelathini na moja.